Hodi ya Jumapili ya Matawi

Mkurugenzi Minko hakuingia ndani. Alipenyeza kichwa tu, mlango akaubana kwa bega ili joto lisitoke, akasema, "Nedyalka, Jumamosi tunamzima Pencho."

"Jumamosi ipi?"

"Hii inayokuja. Wale vijana wa Sofia wamemaliza kazi yao. Barua zote zinahamia kwenye wingu."

"Makubwa! Sisi watu wa Gabrovo tangu lini tukapanga chumba mawinguni? Kodi ya huko umeiuliza?"

Minko alicheka, maana utani wa mkono wa birika ni chakula cha mji ule, na wenyeji huuanza wenyewe kabla mgeni hajawawahi. Kisha kichwa kikarudi kilikotoka, mlango ukafungwa. Nedyalka akabaki anaitazama kalenda ya ukutani. Baada ya Jumamosi hiyo ilikuwa Jumapili ya Matawi. Kicheko chote alichokuwa nacho kikamwishia mdomoni.

Pencho ni mashine. Zamani lilikuwa jina la mtu, Bai Pencho (Bai ni heshima ya kumwita mwanamume aliyekuzidi umri), bawabu wa kiwanda kile cha sufu, mzee aliyeshinda katika kibanda cha langoni akipekua mikoba ya wafumaji wasije wakatoka na mafundo ya uzi. Alipokufa, kibanda kilibaki na kiti chake, jiko lake la kuni na simu yake ya mezani. Ndipo Bai Doychin, fundi mkuu wa kompyuta, alipopata wazo ambalo lisingeweza kuzaliwa mji mwingine wowote. Kiwanda kilihitaji seva ya kupokea barua pepe zote zinazotoka nje, izikague kwanza kabla hazijafika kwenye seva kubwa ya ndani yenye masanduku ya watu. Seva ya namna hiyo hutoa joto, na joto hudai mtambo wa kupoza. Kibanda cha langoni kilikuwa baridi kama kisima. Akaiweka humo. Mkurugenzi wa wakati ule aliposikia kwamba hatanunua mtambo wa kupoza, nusura ambusu Doychin kwenye upara.

Haikupita baridi moja, watu wakagundua faida ya pili. Juu ya Pencho palikuwa na joto zuri muda wote. Wafumaji walipita hapo kukausha glavu. Tsveta, mchoraji wa mapambo ya vitambaa, alianza kuweka banitsa yake, andazi la tabaka nyembamba lenye jibini na siagi, juu ya bati la mashine, imefungwa vizuri kwa karatasi ya fedha ya jikoni, na ikifika saa ya mapumziko jibini ilikuwa imelainika upya kana kwamba imetoka tanurini sasa hivi. Kibanda kizima kilinuka siagi. Nedyalka, ambaye siku hizo alikuwa msichana mgeni kazini, aliamini kwa muda mrefu kwamba ndivyo seva zote duniani zinavyonuka.

Siku Pencho alipowashwa kwa mara ya kwanza, Tsveta ndiye aliyeleta maji. Ni desturi yao: mtu akianza safari, shule au kazi mpya, humwagiwa maji kizingitini ili mambo yake yatiririke. Tsveta alisema mashine nayo inaanza kazi, haina mama wala shangazi wa kuimwagia, basi yeye atasimama badala yao. Akaja na ndoo ndogo ya shaba, ua jekundu linaelea ndani, akamwaga maji yote kwa ukarimu ambao Gabrovo haijapata kuuona tangu iumbwe. Hakuna aliyekumbuka kwamba sakafu ya kibanda imeinamia ndani. Maji yakaenda moja kwa moja kwenye soketi ya chini. Paa! Giza.

Bai Doychin alitoa maneno ambayo hayafai kurudiwa wakati wa Kwaresima.

"Maji yakimwagika hayazoleki, Bai Doychin," Tsveta alimwambia kwa upole.

"Yatazoleka! Leteni kizoleo! Nedyalka, kimbia kwa mhasibu, mwambie akupe kile kikausha nywele chake! Huyu mwanamke ananiulia mtoto siku ya kuzaliwa!"

Wakazoa, wakakausha, wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Kesho yake Pencho akawaka, akafanya kazi miaka yote ile bila kuugua tena. Tsveta alikuwa akisema ni kwa sababu ya maji yake, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Ufundi wa lango Nedyalka aliusomea kibandani hapo hapo, akiwa amekalia kiti cha marehemu. Bai Doychin hakuwa mtu wa vitabu.

"Barua ikifika inabisha hodi," alimwambia. "Inasema inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Pencho anatazama: huyo anayetajwa yumo kwenye majina ya watu wetu? Kama hayumo, anajibiwa hapa hakuna mtu wa jina hilo, rudi ulikotoka. Kama yumo, Pencho bado hajasema karibu."

"Anangoja nini tena?"

"Anamwambia mgeni: sasa hivi nina kazi, njoo baadaye. Tapeli hana muda wa kurudi, ana milango elfu ya kugonga. Mgeni wa kweli atazunguka, atarudi, atabisha tena. Hapo ndipo unafungua."

"Na mgeni akiwa ndugu?"

"Hata akiwa mama yangu mzazi! Ukianza kuchagua, hilo si lango tena, ni sebule. Na la mwisho, binti, hili ulishike mpaka kufa. Bawabu anasoma bahasha. Barua haifungui."

Pencho mwenyewe hakutunza siri ya mtu, na hilo lilikuwa kusudi. Alijua majina, alijua njia ya kupeleka ndani, basi. Akivamiwa, mwizi angeambulia kibanda na harufu ya siagi. Barua zilizopita zilikwenda nyuma ya ukuta, kila moja kwenye sanduku la mwenyewe, na huko Pencho hakuwa na ufunguo.

Katika masanduku yote hayo, Nedyalka alilipenda la Tsveta, kwa sababu lilikuwa kama la watu wawili. Binti yake Tsveta, Temenuga, alikwenda Chicago kwa kazi ya likizo, akabaki. Karatasi zake za ukaazi hazikukamilika; kutoka Marekani angeweza, kurudi asingeweza. Basi akawa anaandika. Nyumbani kwao hapakuwa na kompyuta, kwa hiyo barua zilikuja kiwandani. Tsveta alizichapa kwenye karatasi zilizokwisha kutumika upande mmoja, akashuka nazo kibandani wakati wa mapumziko, akamsomea Nedyalka kwa sauti, mdomo umejaa banitsa. Nedyalka aliijua ngazi mbovu ya nyumba ya Temenuga, alimjua paka wa jirani, alimjua bosi wa hoteli aliyeshindwa kulitamka jina la msichana akaamua kumwita Tina. Siku nyingine Temenuga alipiga ile simu ya mezani ya kibandani, maana kupokea hakuna gharama, na wote watatu wakaongea kwa mpigo mpaka hakuna aliyemsikia mwenzake.

Siku kubwa yao ilikuwa Jumapili ya Matawi. Wenye majina ya maua wote husherehekea siku hiyo, na Tsveta jina lake ni ua lenyewe. Temenuga ni lile ua dogo la zambarau linalotangulia theluji haijaisha vizuri. Mama na mwana, siku moja ya jina.

"Kila mwaka naokoa keki moja," Tsveta alikuwa akijisifu. "Nani Gabrovo nzima amenishinda?"

Alikufa ghafla, majira ya kuchipua, siku chache tu kabla ya siku yao. Temenuga hakuja kuzika. Tangazo la kifo lenye picha ya Tsveta lilibandikwa kwenye ukuta wa lango, kama yanavyobandikwa ya kila mtu kwenye milango na miti ya mji, na mvua ikaanza kulipausha. Nedyalka alikuwa na kazi moja, kulifuta jina la Tsveta kwenye majina aliyoyajua Pencho. Ni kazi ya kubofya tu. Alikaa mbele ya skrini, mkono ukamgomea. Nitalifuta kesho, akajiambia.

Jumapili ya Matawi ikaiwahi kesho hiyo. Jumatatu asubuhi, akipitia kumbukumbu za hodi za jana yake, Nedyalka akauona mstari: kutoka kwa Temenuga, kwenda kwa Tsveta. Pencho alikuwa amemwambia njoo baadaye. Barua ikazunguka, ikarudi, ikabisha tena, ikafunguliwa, ikaingia kulala kwenye sanduku la mtu asiyekuwepo.

Nedyalka alilia kikombe kikiwa mkononi. Jina hakulifuta. Mwaka uliofuata ikaja nyingine, Jumapili ile ile ya Matawi, na mwaka wa baada yake tena. Hakufungua hata moja. Wala hakumwandikia Temenuga, wala hakumpigia; angeanzia wapi? Lakini kila Jumatatu baada ya Matawi aliutafuta mstari ule kabla hata hajavua koti, na akiuona alipata nguvu za mwaka mzima. Alimpenda Tsveta kuliko alivyowapenda dada zake, na mstari ule ndio uliokuwa umebaki.

Sasa Pencho anazimwa. Kule kwenye wingu kila jina linalipiwa, na la marehemu hakuna wa kulilipia. Jumapili Temenuga angebisha hodi kama kawaida yake, na lango jipya, lisilojua nani ni nani, lingemjibu: hapa hakuna mtu wa jina hilo. Nedyalka alimwosha rafiki yake kwa mikono yake alipokufa. Hakukubali kwamba mtoto wa rafiki yake aje kuambiwa na mashine.

Akamfuata Minko ofisini. Alimkuta amevaa koti, taa imezimwa, anasoma karatasi dirishani.

"Niachie Pencho mpaka Jumatatu."

"Umeme wa Jumapili nzima, mama? Kiwanda kimefungwa! Nani anamwandikia nani?"

"Kuna barua naingoja."

"Ya biashara?"

"Siyo."

"Ya nini basi?"

"Minko, tumesoma darasa moja mimi na wewe. Majibu ya hesabu ulikuwa unayatoa wapi?"

Mkurugenzi akakuna kidevu. Alitazama pembeni kuona kama kuna mtu anasikia. "Kibao cha anuani wale vijana wanakigeuza Jumamosi mchana, hilo siliwezi. Lakini mashine yenyewe, haya, iache iwake. Jumatatu asubuhi nikipita nataka kuisikia kimya. Na jiko la kibandani usiwashe. Kama unakesha na Pencho, jipashe kwa Pencho."

Hicho kibao ndicho kilichomnyima raha. Seva yoyote duniani, kabla ya kupeleka barua, huuliza kwanza lango la kiwanda liko wapi, na kuna kibao kinachoielekeza. Kikigeuzwa, si wote wanaokiona papo hapo. Wengine huendelea kuifuata njia waliyoizoea, pengine siku nzima, mpaka wakumbuke kuuliza tena. Kwa hiyo barua ya Temenuga ingeweza kuja kwa Pencho au kwenda kwenye lango jipya, na hakuna wa kubashiri. Na hata ikija kwa Pencho, Pencho angesema njoo baadaye, maana hodi ya mwaka jana huwa ameshaisahau. Ingezunguka, na ikirudi pengine ingekuta kibao kimegeuka. Sheria ya Bai Doychin, iliyowazuia matapeli miaka yote hiyo, sasa ingemfukuza mtoto wa Tsveta.

Jumamosi alipanda kilimani kwa Bai Doychin. Mzee alikuwa amestaafu zamani, na tangu astaafu hakukanyaga kiwandani. Alisema hataki kuonekana kama wale wazee wanaokwenda kuuliza kama bado wanakumbukwa. Nedyalka alimkuta juu ya ngazi, anapogoa mti wa plamu.

"Bai Doychin, nataka kuvunja sheria ya lango."

Mzee hakugeuka. "Ipi?"

"Ile ya njoo baadaye. Kwa mtu mmoja tu."

"Mfalme?"

"Temenuga wa Tsveta."

Akamweleza yote, tangu siku mkono ulipomgomea. Mzee alisikiliza mkasi ukiwa wazi mkononi, halafu akashuka ngazi taratibu, magoti yakilia.

"Yaani miaka yote hiyo umeweka marehemu kwenye majina ya Pencho?"

"Ndiyo."

"Na mingine nikiwa bado mkuu wako?"

"Ndiyo, Bai Doychin. Nisamehe."

"Nilimwona," alisema mzee. "Unadhani yale majina nilikuwa siyapitii? Nilifika kwa Tsveta, nikasema, kesho nitamuuliza Nedyalka. Na mimi nilikuwa na kesho zangu."

Akajifuta macho kwa kiganja kilichojaa utomvu, ikawa balaa, akaanza kulaani mti, mkasi na aliyevumbua plamu. Nedyalka alimsafisha kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Mzee alipoweza kufungua jicho moja, alimtazama kwa hilo hilo.

"Mfungulie mtoto apite. Hodi moja, mlango wazi. Ila nikuulize, mwanamke wewe, simu huna?"

"Nimwambie nini?"

"Ndiyo hapo. Sisi watu wa hapa tunabana hata maneno. Tunayaweka akiba mpaka tunazikwa nayo."

 Njia nzima ya kushuka kilima neno lile lilimchoma Nedyalka.

Jumapili mji ulijaa kengele na watu wanaotoka kanisani na matawi ya mwerebi mikononi, maana huko mwerebi ndio unaoshika nafasi ya mtende. Nedyalka alitundika tawi lake juu ya mlango wa kibanda. Alikuwa ameoka banitsa alfajiri. Akaifunga kwa karatasi ya fedha, akaiweka juu ya Pencho, mahali pale pale ambapo bati lilikuwa limefifia rangi. Kwenye skrini alikuwa ameshaandika agizo jipya: wengine wote waambiwe njoo baadaye, huyu mmoja akaribishwe hodi ya kwanza. Kabla ya adhuhuri mlango ukafunguliwa, na Bai Doychin akaingia na kofia yake ya Jumapili. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukagua sakafu.

"Humu hakuna ndoo?"

"Hakuna."

"Salama." Akavuta pua. "Jibini, na mfungo wa Kwaresima haujaisha?"

"Mungu anajua ni ya Tsveta."

"Basi hiyo haihesabiki," mzee akasema, akakaa.

Wakangoja. Hodi zilikuja moja moja. Mmoja alikuwa na dawa ya kuotesha nywele, mwingine alitaka kugawana urithi wa jenerali aliyekufa. Pencho aliwaambia wote njoo baadaye, na hakuna aliyerudi.

"Tazama anavyowatimua," Bai Doychin alisema, macho yanang'aa. "Kazeeka, lakini meno bado anayo."

Mchana ukasogea. Chicago walikuwa wanaamka sasa. Nedyalka hakubandua macho kwenye skrini, na kila mstari mpya ulipotokea alishika meza. Hakuwa yeye. Tena hakuwa yeye. Alianza kuomba chinichini, si kwa Mungu hasa, kwa Tsveta.

Simu ya mezani ikalia.

Ilikuwa haijalia muda mrefu kiasi kwamba wote wawili waliruka. Nedyalka aliinyakua. "Minko, jiko sijawasha!"

 Iliyojibu ilikuwa sauti ya mwanamke, polepole, kama mtu anayetafuta maneno kwenye sanduku la zamani. "Samahani. Hapo ni langoni?"

"Ni langoni. Nani mwenzangu?"

"Mimi Temenuga. Wa Tsveta. Leo nimemwandikia mama, barua imerudi. Inasema hapo hakuna mtu wa jina hilo."

Kibao kilikuwa kimegeuka. Mabawabu wawili walikuwa wamekaa mchana kutwa na mlango wazi, mtoto akabisha mlango mwingine akafukuzwa. Nedyalka akakalia kiti cha marehemu Bai Pencho bila kukitazama.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu, mimi ni Nedyalka."

"Shangazi Nedyalka?" Sauti ikayumba. "Usidhani nimerukwa na akili. Najua mama hayupo. Mwaka ule wa kwanza niliandika kwa hasira, kwa kuwa sikuweza kuja. Nilitaka irudi, nilie, nimalize. Haikurudi. Nikangoja wiki nzima. Nikasema, kuna mtu pale hajamfuta mama. Basi kila mwaka nikawa naandika nione kama huyo mtu bado yupo." Akavuta pumzi. "Leo iliporudi nikasema, basi naye amekufa. Nikaitafuta namba hii. Ni wewe?"

"Ni mimi. Sijafa, mwanangu! Wamegeuza kibao tu!" Sasa Nedyalka alikuwa analia wazi, kamasi na machozi. "Nilikuwa nakungoja hapa kwa Pencho. Nimekufungulia kabisa, hodi moja unaingia. Bai Doychin ni shahidi, huyu hapa."

"Shahidi!" Bai Doychin alipaza sauti kutoka kwenye benchi. "Amevunja sheria yangu kwa ajili yako!"

"Pencho bado anafanya kazi?"

"Mpaka kesho asubuhi."

"Na banitsa bado mnaweka juu yake?"

"Ipo juu yake hivi ninavyosema na wewe."

Kule mbali mtu alicheka na kulia kwa pamoja, na Nedyalka akaisikia ndani yake sauti ya Tsveta, ile ya siku ya maji. 

"Mbona hukunipigia, Shangazi? Miaka yote hiyo?"

"Niliogopa. Nilidhani nikisema neno tu, utaacha kuandika. Na mimi ningebaki na nini cha mama yako?"

 "Karatasi za ukaazi nilipata mwaka jana," Temenuga alisema. "Ningeweza kuja. Nikajiuliza, nakuja kwa nani."

"Kwangu! Unakuja kwangu, unakuja kwa nani mwingine?"

"Haya, Shangazi." Kisha, taratibu zaidi: "Zile barua ulizisoma?"

"Hata moja. Bawabu hafungui barua. Zipo zote sandukuni kwa mama yako, hazijaguswa."

"Kwa hiyo hakuna aliyezisoma."

Nedyalka akahamishia chombo cha simu sikio la pili.

"Zangu za zamani mama alikuwa anakusomea wewe," Temenuga akasema. "Aliniambia. Hapo hapo kibandani, kwa sauti. Hizi zimekosa mtu wa kuzisoma. Nisomee, Shangazi. Nataka nizisikie zikisomwa hapo."

Nedyalka alimtazama Bai Doychin. Miaka yote aliyokaa langoni hakuwahi kuivunja ile sheria ya mwisho, hata siku alizokuwa na kiu ya kuivunja. Mzee alikuwa amesikia. Chombo cha simu ile kilipiga kelele kama redio. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Leo wewe si bawabu," akasema. "Leo wewe ni mwenyeji. Soma."

Nedyalka akabana chombo cha simu kati ya sikio na bega, akafungua kompyuta yake ya mpakato, akapita ukuta kwa ufunguo wake wa fundi, akaingia ndani mpaka kwenye sanduku la Tsveta. Zilikuwa zimepangana pale, moja kwa kila mwaka, zote kwa ile rangi nzito ya barua ambazo hazijafunguliwa. Akagusa ile ya chini kabisa, ya kwanza. Maandishi yakamjia mawili mawili kwa sababu ya machozi.

"Ngoja," alisema Bai Doychin. Akainuka, akafunua karatasi ya fedha juu ya Pencho, akamega kipande cha banitsa, mvuke unatoka, akamtilia mkononi. "Mdomo mtupu hautafaa."

Nedyalka akakimega kwa meno, akatafuna, akafuta macho kwa kiwiko. Akaanza kusoma kwa sauti, mdomo umejaa: "Mama, heri ya siku ya jina letu."